Mtindi Mzito

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya alipoingia jikoni kilikuwa kitambaa. Kilining'inia kwenye bomba la sinki, kimefungwa fundo juu, kimelowa chepechepe, na kwenye mikunjo yake kumeganda utando mweupe. Chini yake kulikuwa na bakuli, na kwenye bakuli matone ya maji yenye rangi ya kijani hafifu.

Alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Harufu ya vikeki vilivyotoka kuokwa ilikuwa imejaa nyumba nzima, tamu, ya kumfanya mtu atabasamu. Yeye aliendelea kukitazama kitambaa.

"Mama," aliita. "Hiki kitambaa cha nini?"

Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi kwa ajili ya mjukuu, alikuwa sebuleni na kikombe cha chai. Alijibu kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. "Cha mtindi! Njoo uone vikeki vya leo. Vimetoka vikavu, safi, vimeumuka kama mashavu ya bwana harusi. Vya juzi vilikuwa vinalia machozi, ukivishika unanawa. Nikasema ngoja niuchuje huu mtindi, maji yote yatoke."

"Umeuchuja," Kimya alisema.

"Tangu asubuhi. Umebaki mzito, unaukata kwa kisu."

"Halafu ukapima kwa kikombe?"

"Kile kile. Mpaka kwenye utepe wako, sikupita hata unywele." Bibi alitokea mlangoni na chai yake mkononi, akamwona mwanawe usoni, na tabasamu likamwishia. "Kwani vipi?"

Kimya ndilo jina alilobandikwa na dada yake tangu utotoni, kwa sababu aliweza kukaa na wageni mchana kutwa asitoe neno. Jina lilimganda. Hata kwenye duka la miwani alikofanya kazi ya kukata vioo viingie kwenye fremu, walimwita hivyo hivyo, na wateja waliokuja na maneno mengi walipelekwa kwa wengine. Sasa aliushusha mkoba sakafuni.

"Kidoti amekula?" aliuliza.

"Amekula kimoja, kama ilivyoagizwa. Mpaka makombo kayaokota."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Chai yangu hii bado ina moto."

Kidoti alikuwa binti wa dada yake, mwenye alama nyeusi ya kuzaliwa shavuni na mdomo usiochoka. Maziwa yalikuwa adui yake. Alipokuwa mchanga, kijiko kimoja cha uji uliotiwa maziwa kilimfunga koo mpaka midomo ikawa ya bluu, na tangu siku hiyo familia nzima ilisoma maandishi madogo kwenye kila pakiti. Kisha akapatikana daktari wa mzio aliyesema kuwa mwili wa mtoto unaweza kuzoeshwa taratibu. Kila siku angekula kikeki kimoja chenye mtindi kidogo sana, uliopimwa, na kilichookwa vizuri kwenye moto. Kipimo kingepanda polepole, chini ya macho ya daktari. Sasa walikuwa wamefika kwenye gramu ishirini za mtindi katika kila kikeki. Vikeki kumi na viwili, gramu mia mbili na arobaini. Mama yake Kidoti alikuwa akiupima mtindi huo kwenye mizani kama mtu anayepima dhahabu.

Lakini mama yake Kidoti alikuwa safari ya kikazi, na Bibi na mizani hawakuwa wakielewana.

"Kimashine hicho kinanizungusha," alikuwa amelalamika siku dada alipoondoka. "Mara kinaandika g, mara kinaandika ml, mara kinazima chenyewe kama kimenuna. Mimi nimewalisha ninyi bila mizani, na wote mna meno. Nipe kikombe, mwanangu."

Kimya ndiye aliyempa kikombe. Jambo hilo sasa lilimrudia akiwa amesimama mbele ya sinki. Alikaa mezani jioni ile na kikombe, na mizani, na mtindi wanaoununua siku zote, ule mwepesi unaomiminika. Alijaza, akapima, akapunguza, akapima tena. Aliona kuwa mililita moja ya mtindi ule ina uzito wa gramu moja na chembe tu, kwa hiyo gramu mia mbili na arobaini zilifika chini kidogo ya ukingo. Akabandika utepe mwekundu pale. Alifurahi kweli. Alimwambia Bibi, "Mtindi ukifika hapa, basi. Usipite." Na Bibi hakupita.

Utepe haukuwa umesema uongo. Kikombe kilikuwa kile kile, na hata uzito haukuwa umebadilika sana. Ila kilichokuwa ndani ya kikombe hakikuwa tena mtindi na maji yake. Maji yalikuwa yamekimbilia kwenye bakuli, na kile kinachomfunga Kidoti koo kilikuwa kimebaki kwenye kitambaa, kimejibana, kimesongamana.

"Yuko wapi?" Kimya aliuliza.

"Uani, anaruka kamba na wenzake. Mwanangu, unanitisha. Niambie."

"Mama, mtindi ukichujwa, maziwa yanabaki yote sehemu ndogo. Kikombe kimoja cha huo mzito ni kama vikombe viwili vya ule wa kawaida. Labda zaidi. Sijui."

Bibi aliweka chai yake juu ya jiko bila kuangalia anaiweka wapi. "Vikombe viwili," alisema. Kisha akasema tena, polepole, kama mtu anayesoma neno la lugha ngeni.

Kimya alikuwa ameshatoka. Kidoti alikuwa katikati ya kamba, nywele zinaruka, anahesabu kwa kelele. Wasichana wawili walikuwa wakimzungushia. Alipomwona mama yake mdogo alipiga kelele, "Mamdogo! Usiniharibie, nakaribia kuvunja rekodi!"

Kimya aliingia kwenye kamba, ikampiga kwenye goti, akambeba mtoto juu kwa juu.

"Aaa! Mamdogo! Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Njoo ukae ndani na mimi."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu."

"Hiyo si adhabu?"

Alikuwa na joto la kuruka, jasho limemlowesha shingo. Kimya aliuegemeza uso wake kwenye kifua cha mtoto akisingizia kumbeba vizuri, na akasikiliza. Moyo ulikuwa ukienda mbio. Wa mtoto aliyeruka kamba huenda mbio pia. Angejuaje tofauti?

Alimkalisha kwenye kiti cha jikoni, mahali ambapo angemwona. Kisha akachukua simu.

Kupiga simu kwa watu asiowazoea kulikuwa mateso kwa Kimya hata siku za amani. Aliwahi kutembea mpaka ofisi ya maji mvua ikinyesha ili asipige simu. Sasa aliisikia ikiita upande wa pili, na aliyepokea alikuwa yule muuguzi wa kliniki ya mzio mwenye sauti nzito, ambaye kila mtu alimwita Sista.

"Mimi... sisi ni wa Kidoti," Kimya alisema. "Amekula kipimo kikubwa. Bibi yake alichuja mtindi. Hatukujua. Yaani, mimi ndiye sikumwambia..."

"Dada, pole pole. Mtoto anapumua vizuri?"

"Ndiyo."

"Mabaka? Kutapika? Kukohoa?"

"Hapana. Alikuwa anaruka kamba."

"Aache kuruka. Mbio na joto huamsha mzio hata pale ulipotaka kulala. Mkalishe. Ile sindano ya dharura iko wapi?"

"Juu ya friji."

"Ishushe, iwe mkononi mwako. Sasa sikia. Daktari ana mgonjwa ndani. Nikimwingilia ataniuliza kitu kimoja tu, gramu ngapi. Na atataka gramu za mtindi wa kawaida, kwa sababu mzito kila mtu anauchuja kivyake. Unaweza kunipatia namba?"

Kimya alitazama kitambaa, bakuli, sinki. "Nitajaribu."

"Jaribu. Sikati simu. Lakini nisikilize vizuri: ukiona dalili, achana na hesabu. Piga sindano kwanza. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Aliiweka simu mezani, sauti ikiwa wazi. Akaiweka sindano kando ya simu, kijiti kinene cha plastiki chenye kifuniko cha bluu. Kidoti aliiona, macho yakamtoka.

"Hiyo ya nini?"

"Iko tu hapo."

"Mimi sitaki."

"Hakuna anayekuchoma, mama. Kaa hivyo hivyo." Kisha akamgeukia Bibi, ambaye alikuwa ameng'ang'ania mlango wa kabati kama mtu aliye ndani ya chombo kinachoyumba. "Mama, ulichuja makopo mangapi?"

"Mawili."

"Yote? Hukubakiza?"

"Yote. Nilikwangua."

Kila kopo gramu mia tano. Mawili, elfu moja. Hapo palikuwa pa kusimamia. "Maji yake uliyamwaga?"

"Nimwage maji ya mtindi? Nani kakulea wewe?" Woga ulikuwa umemkaba Bibi lakini hilo lilimponyoka lenyewe. "Yako kwenye jagi, nilitaka kukandia mkate."

"Yote yako kwenye jagi?"

Bibi alisita. "Nilikunywa glasi moja. Yanasafisha tumbo."

"Ipi?"

Bibi aliitoa glasi kwenye sinki, akaonyesha kwa kidole. "Mpaka hapa. Kwenye haya maua."

Kimya alivuta mizani. Aliweka sufuria tupu juu yake kwa pupa, ikateleza ikagonga meza, akairudisha. Akabonyeza isome sifuri. Akamimina maji ya kwenye jagi, na yale ya kwenye bakuli la chini ya kitambaa, mpaka tone la mwisho. Namba zikapanda, zikayumba, zikatulia. Mia tatu na arobaini. Karibu aseme kwa sauti, akaona herufi ndogo pembeni. Mizani ilikuwa kwenye ml. Alihisi joto likimpanda mpaka masikioni. Akabonyeza kitufe, ikazima kabisa.

"Mungu wangu."

"Kuna nini?" sauti ya Sista ilitoka mezani.

"Mizani imezima. Naiwasha."

"Mtoto je?"

Kimya alimtazama. Kidoti alikuwa ameweka kidevu mezani, anachezea ukingo wa kitambaa cha meza. Alikuna shingo. Akaacha. "Yuko sawa," Kimya alisema, na kusikia jinsi sauti yake ilivyokuwa nyembamba.

Akaanza upya. Sifuri kwanza, herufi iwe g, amimine tena. Mia tatu na arobaini na kitu. Maji yale yalikuwa mepesi, karibu maji ya bomba tu, kwa hiyo mililita na gramu hazikuachana sana. Mshtuko wote ule kwa tofauti ya kijiko. Kisha akajaza glasi kwa maji ya bomba mpaka kwenye maua, akayamimina kwenye mizani badala ya yale yaliyokwisha kunywewa. Mia mbili na kumi. Aliyajumlisha kwa midomo, bila sauti. Mia tano na hamsini. Elfu moja toa mia tano na hamsini. Huo ndio uliokuwa mtindi mzito wote: mia nne na hamsini.

"Uliobaki uko wapi, Mama? Ule mzito."

Bibi alishautoa kwenye friji kabla hajamaliza kuuliza. Kimya aliukwangua wote kutoka kwenye bakuli lake. Ulikuwa mzuri, mweupe, umesimama wenyewe kama chokaa mbichi. Siku nyingine angelamba kijiko. Gramu mia mbili.

Kwa hiyo zilizoingia kwenye vikeki zilikuwa mia mbili na hamsini. Zaidi ya nusu ya makopo yote mawili.

Hesabu iliyobaki ilikuwa ya mtoto wa shule, naye alikuwa mtu wa kusoma milimita kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini namba zilimkimbia. Mia mbili na hamsini katika mia nne na hamsini. Alizishika, zikateleza. Alizishika tena. Ni kama tano katika tisa. Tano katika tisa ya gramu elfu moja ni mia tano hamsini na tano. Gawa kwa kumi na mbili.

"Mamdogo, shingo inaniwasha," Kidoti alisema.

Bibi alisogea karibu na kiti.

Kimya alikwenda, akapiga magoti, akamfunua ukosi wa gauni. Kulikuwa na wekundu. Wekundu wa kucha, alizokunia. Au si wa kucha. Mtoto alikuwa na jasho, na jasho huwasha. Alimpuliza kidogo. "Bado inawasha?"

"Kidogo."

"Sista, shingo inamwasha. Kuna wekundu, sijui kama ni kujikuna."

"Namba umepata?"

"Arobaini na sita. Gramu arobaini na sita kwenye kikeki kimoja. Badala ya ishirini."

Sista alivuta pumzi, na Kimya aliisikia pumzi ile waziwazi. "Arobaini na sita. Namwingilia daktari sasa. Usimwondolee jicho."

Viatu vya Sista vilisikika vikienda. Mlango mahali fulani. Sauti za watu, mbali. Kimya alibaki amepiga magoti sakafuni, mkono mmoja kwenye paja la mtoto, mwingine ukipapasa mezani mpaka ukaigusa sindano.

"Mbona mnanikodolea macho?" Kidoti aliuliza. "Mnanifanya kama televisheni."

Bibi alijaribu kucheka. "Basi tuonyeshe kipindi kizuri, mjukuu wangu."

Kidoti akafungua mdomo ajibu, na badala ya jibu kikatoka kikohozi. Kimoja, kikavu, kifupi.

"Umepaliwa?" Bibi aliuliza haraka. "Amepaliwa, mate tu hayo. Sivyo? Umepaliwa na mate?"

Kikohozi cha pili. Kisha cha tatu, na hiki kilikuwa na kitu kama filimbi mwisho wake. Kidoti aliweka mkono kooni. Aliposema, "Bibi," ilitoka sauti ya mzee mwenye mafua.

Kimya alifunua gauni lote. Tumboni mabaka yalikuwa yameshachora ramani yake, mekundu, yameinuka, yakiungana huku akiyaangalia.

"Mshike miguu, Mama."

"Subiri wakuambie..."

"Mshike miguu!"

Hakuna aliyewahi kusikia Kimya akipiga kelele. Bibi alipiga magoti na kuikumbatia miguu ile miwili kwa nguvu zake zote.

Alikuwa amefundishwa. Kila mtu nyumbani alifundishwa kwa kijiti cha mazoezi kisicho na sindano, wakichoma mto wa kochi na kuchekana. Mto haukuwa na macho. Kidoti alimtazama akitoa kifuniko, akaanza kutikisa kichwa. Hakupiga kelele, hewa ya kupigia kelele haikuwepo. Alisema kwa midomo tu: umesema hakuna anayenichoma.

Mkono wa Kimya ukagoma. Ulikuwa hewani, umeshika kile kijiti, na haukutaka kushuka. Maisha yake yote hakuwahi kumfinya mtu. Aliwaza, na wazo lilikuwa refu na jepesi kama ndoto, kwamba labda hesabu ilikosewa, kwamba labda glasi haikufika kwenye maua, kwamba akimchoma bure atakuwa amemuumiza mtoto kwa woga wake mwenyewe.

Filimbi ile ikalia tena kifuani mwa Kidoti, nyembamba zaidi.

Akakishindilia pajani. Kikalia ta! Akakibana pale, akihesabu kwa sauti kama alivyofundishwa, huku mtoto akijipinda na Bibi akisema maneno yasiyo na mpangilio, maombi na majina ya mapenzi yamechanganyika.

"Daktari anasema mlete—" sauti ya Sista ilirudi.

"Nimechoma," Kimya alisema. "Anakohoa, ana mabaka, sauti imebadilika. Nimechoma sasa hivi."

"Vizuri. Vizuri sana. Akihema kwa shida mkalishe, asitembee. Gari lipo?"

Gari la karibu lilikuwa la jirani wa chini, fundi wa majokofu, aliyekuwa akifunga kamba mzigo kwenye gari lake la wazi. Bibi alimwita kutoka dirishani kwa sauti iliyowatoa watu milangoni. Fundi hakuuliza swali. Aliwasha gari jokofu la mteja likiwa bado halijafungwa vizuri nyuma, na njia nzima lilikuwa likigonga pembeni, du, du, du, kwenye kila kona.

"Litaanguka hilo la watu!" Bibi alisema, labda kwa sababu hilo lilikuwa jambo linalosemeka.

"Lianguke, mama," fundi alijibu. "Majokofu yapo mengi."

Kidoti alikuwa mapajani mwa Kimya, ameegemea, mdomo wazi. Moyo wake ulipiga kwa kasi ya kutisha, na safari hii Kimya alijua ni dawa, aliambiwa itakuwa hivyo, lakini kujua hakukusaidia kitu. Alisikiliza filimbi. Aliisikia kwenye taa za barabarani, aliisikia walipopita soko. Kisha kwenye mteremko hakuisikia, na akashtuka kuliko mwanzo, akainamisha sikio mpaka likagusa midomo ya mtoto. Pumzi ilikuwa ikitoka. Ilikuwa ya moto, inanuka vikeki, na haikuwa na mlio.

"Unanitekenya," Kidoti alinong'ona.

Bibi aliyekuwa amebanwa mlangoni alifunika uso kwa viganja. "Nimemfanya nini mjukuu wangu?" alisema ndani ya viganja vile. "Nilitaka tu viwe vizuri."

Kliniki, waliwekewa kitanda mbele kabisa ya meza ya Sista. Mashine ndogo ilibanwa kwenye kidole cha Kidoti, na kinyago chenye mvuke puani. Mabaka yalianza kufifia, kwanza kingo, halafu katikati. Daktari alikuja, mwanamama mfupi mwenye mikono ya baridi, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akarudia mbele.

"Njia imefunguka," alisema. "Atabaki hapa tumwangalie mpaka kesho, kwa sababu inaweza kurudi. Nani alichoma?"

Bibi alimnyooshea Kimya kidole.

"Ulifanya sawa kutosubiri."

Kimya alitikisa kichwa. Alitaka kusema kwamba alisubiri, kwamba mkono wake ulisimama hewani na mtoto akimwangalia, na kwamba hakujua ni kwa muda gani. Badala yake alimfunika mtoto vizuri.

"Ile namba imenisaidia," daktari aliendelea. "Sasa najua mpaka wake uko wapi, na kwamba kuruka kamba baada ya kula ni marufuku. Akipona tutarudi nyuma, tuanze chini kabisa, gramu chache. Tutapanda tena."

"Tena?" Bibi alisema. "Daktari, hapana. Mtoto aachwe na maziwa yaachwe. Tumeishi miaka yote bila maziwa."

"Na mlikuwa mkiishi vipi, mama? Mkiogopa kila kijiko cha kila jirani. Tukiacha sasa, atabaki hivyo hivyo, na siku moja atakula kwa watu bila mizani wala sindano." Hakuwa mkali. "Lakini anayepima lazima awe mmoja, apime mtindi ule ule, kwenye uzito, kila siku. Si mililita, si kikombe. Mama yake anarudi lini?"

"Bado," Kimya alisema. "Bado sana."

"Basi ni nani?"

Bibi aliangalia sakafu. Mikono yake, ambayo Kimya hakuwahi kuiona ikiwa bure, ilikuwa imelala mapajani, viganja juu. Kimya alijua kama akikaa kimya sasa, Bibi hataingia jikoni tena maisha yake yote, na hakuna atakayemlazimisha, na Kidoti atakua akiogopa vijiko.

"Mimi," alisema. "Mama ataoka, mimi nitapima."

Hakuhisi ushujaa wowote. Tayari aliiona ile sahani, kile kikeki, kile kinywa kidogo kikifunguka, na yeye amekaa mbele yake kila siku ya Mungu akingoja kikohozi.

Daktari alipoondoka, simu iliita. Ilikuwa dada. Bibi aliinyooshea mkono. "Nipe mimi nimwambie. Kosa ni langu."

Kimya aliipokea mwenyewe, akaiweka sikioni.

"Dada," alisema kabla hajaulizwa, "Kidoti mzima. Sikia hilo kwanza, halafu ukae chini." Kisha akamweleza yote, kitambaa, na makopo, na utepe alioubandika kwa mkono wake, na sindano. Aliongea muda mrefu kuliko alivyowahi kuongea na mtu yeyote kwa simu. Dada yake alilia, akauliza, akalia tena, akauliza yale yale. Kimya alimjibu yale yale.

Wakati wote huo mkono wake mwingine ulikuwa juu ya kifua cha mtoto aliyelala. Kilipanda, kikashuka. Kila kiliposhuka, maneno yalimkatika katikati, na dada yake akisema haloo, haloo, upo, yeye alisubiri kwanza kifua kipande tena.